Babu alisoma Miome, Mombasa: chuo kile ndicho kipi leo, na rekodi zake zinatafutwaje?

Swali kutoka kwa msomaji wa Tanga: Marehemu babu alituachia cheti cha fani ya umeme cha mwaka 1957, chenye jina la Mombasa Institute of Muslim Education. Baba mdogo husema babu alisoma Mombasa Polytechnic. Shangazi anashikilia kwamba alisoma Technical ya Mombasa. Nikitafuta leo sioni chuo chenye jina hata moja kati ya hayo. Je, ni chuo kimoja au ni vyuo vitatu? Kilianzaje, na kwa nini kiliitwa cha Waislamu? Rekodi za masomo yake nitazipata wapi?

Jibu:

Ndugu msomaji, ni chuo kimoja, na bado kipo palepale Tudor, kwenye kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara ya Tom Mboya. Leo kinaitwa Technical University of Mombasa, au TUM kwa kifupi. Baba yako mdogo na shangazi yako wote wamepataja mahali penyewe. Kilichowakosesha ni mwaka. Jina analolitumia shangazi lilianza 1966, na la baba mdogo lilianza 1972. Babu alipopewa cheti chake majina hayo mawili hayakuwapo. Kwake yeye na wenzake palikuwa Miome, kama watu walivyozoea kuzitamka herufi za mwanzo za jina refu ulilolisoma kwenye cheti.

Shika mwaka kwanza. Katika historia ya chuo hiki jina jipya liliweza kuja na mwenye mamlaka mpya, sharti jipya la kuingia na mahali papya pa kuwekea karatasi. Ukiujua mwaka utajua jina lililokuwa likitumika, na ukilijua jina utajua ni ofisi ipi ya kuandikia. Wanaoanza na jina la leo huandika barua nzuri kwa ofisi isiyohusika, wakakata tamaa bure.

Tuanze na chanzo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, elimu ya Kenya ilikuwa imegawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, kila kundi na fungu lake la fedha. Pwani hesabu hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini haukuwa koloni kisheria. Ulikuwa himaya, ardhi ya Sultani wa Zanzibar iliyosimamiwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895. Ndiyo maana nyaraka za wakati huo zinasema "Colony and Protectorate of Kenya", na ndiyo maana Sultani aliyekaa Unguja alikuwa na sauti katika jambo la shule ya Mombasa.

Waislamu wengi wa Pwani waliogopa shule za serikali na za misheni, wakihofia watoto watatoka humo na dini nyingine. Wapo waliolipinga wazo hilo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawa anawasihi Waislamu wenzake wasome elimu ya zama zao bila kuiacha dini. Mwaka 1945 Aga Khan wa tatu, Sultan Mohamed Shah, kiongozi wa Waismailia, akaanzisha Mombasa jumuiya ya East African Muslim Welfare Society ili kujenga shule na misikiti. Kwa hiyo gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alipolileta wazo la chuo cha ufundi cha Waislamu mwishoni mwa miaka ya 1940, alikuta udongo umeshalimwa. Mitchell alikuwa amewahi kuwa gavana wa Uganda na kuisukuma mbele Makerere, na Mombasa aliiona kuwa mahali pa kuwapatia Waislamu wa Afrika Mashariki nafasi waliyokuwa wameikosa.

Waliochangia ni Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, Aga Khan, jamii ya Mabohora, ambayo kiongozi wake wa dini wakati huo alikuwa Sayyidna Taher Saifuddin, na serikali ya Uingereza kupitia wizara yake ya makoloni. Majengo yalijengwa kwa sura ya Kiislamu, yenye kuba na matao. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Walifundishwa ufundi wa mitambo, umeme na useremala.

Sharti la kuingia ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Nchi nzima iligawa wanafunzi kwa rangi, na Miome ikawagawa kwa dini. Mwafrika, Mwarabu na Mhindi waliobaguliwa kila mmoja kwenye shule yake huko nje, hapa walikaa karakana moja mradi wote ni Waislamu. Na hawakutoka Kenya peke yake, kwa sababu chuo kilikusudiwa Afrika Mashariki nzima: Tanganyika, Uganda, Zanzibar. Kijana wa Tanga kusoma hapo halikuwa jambo la ajabu. Kwa upande mmoja mlango ulikuwa mpana kuliko shule nyingi za wakati ule, na kwa upande mwingine ulikuwa umefungwa kabisa kwa Mmijikenda au Mtaita Mkristo aliyeishi jirani. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na anayeisimulia historia hii kwa kutaja moja tu anaipunja.

Chuo hakikufika kilipotarajiwa na waliokiota kuwa mwanzo wa chuo kikuu cha Kiislamu. Makerere ilikuwa imetangulia. Halafu Nairobi ikapata Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 1956, na hicho ndicho kilichokua kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1961 ikafuata Kenya Polytechnic, hukohuko Nairobi. Elimu ya juu ya ufundi ikahamia bara, na Miome ikabaki na kazi ya kutoa mafundi. Kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa katika mji wenye bandari ya Kilindini na karakana za reli, na haifai kudharauliwa.

Sasa mabadiliko ya 1966. Watu wengi huyaeleza kama kwamba serikali iliamka siku moja ikafuta jina. Tazama miaka iliyotangulia. Aga Khan wa tatu alifariki Julai 1957. Seyyid Khalifa alifariki Oktoba 1960. Oktoba 1963 serikali za Kenya na Zanzibar zilikubaliana kwamba Sultani aachie haki yake juu ya ukanda wa Pwani, na Desemba mwaka huohuo ukanda ukaingia katika Kenya huru. Januari 1964 mapinduzi yakauondoa usultani wenyewe Unguja. Mitchell akafariki 1964, na Sayyidna Taher Saifuddin akafariki Novemba 1965. Ndani ya miaka minane na kidogo walezi wote wanne wa mwanzo walikuwa wameondoka, na kiti cha mmoja wao kilikuwa kimefutwa kabisa. Wakati huohuo tume ya Profesa Simeon Ominde, iliyotoa taarifa yake ya kwanza 1964, ilitaka elimu ya Kenya huru isigawanywe kwa rangi wala kwa jamii. Chuo kinachotumia fedha za umma na kupokea watu wa dini moja hakingeweza kuendelea hivyo.

Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, wazi kwa Wakenya wa dini zote na makabila yote. Wazee wengi wa Kiislamu wa Pwani bado wanalizungumza jambo hilo kwa uchungu, wakisema mali iliyotolewa kwa ajili ya Waislamu ilichukuliwa. Uchungu huo una msingi na si vizuri kuupuuza, maana wachangiaji walitoa fedha kwa kusudi lililotajwa wazi. Lakini pia ni kweli kwamba maelfu ya vijana wa Pwani ambao wasingeruhusiwa kuingia kabla ya hapo walipata ufundi. Ukiwauliza wazee wako, uwe tayari kusikia yote mawili, na uandike yote mawili.

Yaliyofuata yaeleweke kwa haraka. Mwaka 1972 kikapandishwa kuwa Mombasa Polytechnic, politekniki ya pili ya kitaifa baada ya ile ya Nairobi. Agosti 2007 kikawa Mombasa Polytechnic University College, chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwanzoni mwa 2013, baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo kina tawi Kwale na tawi Lamu pia, na kati ya masomo yake ni uhandisi wa vyombo vya baharini.

Kabla hujaandika barua yoyote, jihadhari na vyuo vinavyofanana kwa jina. Kenya Coast National Polytechnic iko Mombasa pia, na kabla ya hapo iliitwa Mombasa Technical Training Institute. Tofauti kati ya jina hilo na Mombasa Technical Institute ni neno moja tu, na barua nyingi hupotelea hapo. Bandari Maritime Academy, iliyokuwa Bandari College ya mamlaka ya bandari, ni taasisi nyingine tena. Hakuna kati ya hizo iliyotokana na Miome. Ukiona karatasi yenye neno "Polytechnic" na mwaka wa kabla ya 1972, jua kwamba iliandikwa baadaye kwa kumbukumbu, au inahusu chuo kingine.

Tuje kwenye karatasi. Chukua cheti, kitazame mchana penye mwanga mzuri, utafute mambo matatu: nani aliyetia saini, muhuri ni wa nani, na kama pana namba. Mwanafunzi wa ufundi wa miaka ile angeweza kutoka na karatasi za aina tatu. Ya kwanza ni cheti cha chuo chenyewe, na rekodi yake iko chuoni. Ya pili ni cheti cha mtihani wa nje. Vyuo vya ufundi vya Afrika Mashariki vilitegemea sana mitihani ya City and Guilds of London Institute, na matokeo ya namna hiyo yaliandikwa London kwa jina la mtahiniwa, mwaka na kituo. Ya tatu ni cheti cha majaribio ya ufundi ya serikali, chenye daraja la tatu, la pili au la kwanza. Hicho ni cha idara ya kazi, na kazi za idara hiyo ya mafunzo ya viwandani leo ziko kwa NITA, mamlaka ya kitaifa ya Kenya ya mafunzo ya viwandani. Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, liliundwa 1980, kwa hiyo usiwaandikie juu ya mtihani wa 1957. Wengi huanzia huko na kupoteza miezi.

Kama cheti chako ni cha chuo, andika kwa Msajili wa Taaluma wa TUM. Taja jina la babu kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Chini yake orodhesha namna nyingine zote ambazo jina hilo lingeweza kuandikwa. Kisha jina la baba yake, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukadiria, mji aliotoka, fani, mwaka wa kuingia na wa kumaliza, na kama alilala bweni. Ambatisha nakala ya cheti pande zote mbili. Ambatisha pia uthibitisho wa ukoo: cheti cha kifo cha babu, cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako kinachomtaja yeye, na chako kinachomtaja mzazi wako. Bila mnyororo huo karani makini atasita, na ana haki ya kusita.

Omba vitu vinavyotajika. Barua inayosema "naomba taarifa zote za babu yangu" humlazimu mtu kuchambua ghala zima, na mara nyingi huwekwa kando. Barua inayosema "naomba nakala ya ukurasa wa daftari la kuandikisha wanafunzi kati ya 1953 na 1955 wenye jina hili, na matokeo ya mwisho ya fani ya umeme ya 1957" inampa karani kazi ya asubuhi moja. Panua mwaka wa kuingia kwa mwaka mmoja kila upande, kwa sababu watu husahau mwaka wa kuanza kuliko wa kumaliza.

Usipojibiwa, kuna njia ya kisheria. Sheria ya Kenya ya kupata habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma iamue ombi ndani ya siku 21, na muda huo unaweza kuongezwa kwa siku 14 ikiwa ombi lina kurasa nyingi au linahitaji mashauriano. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo. Ila haki hiyo ni ya raia wa Kenya. Wewe uliye Tanga unaweza kuandika kwa hisani, lakini kama una ndugu Mombasa au Vanga mwenye kitambulisho cha Kenya, yeye ndiye aweke saini kwenye ombi la kisheria.

Hapo kwenye namna za kuandika jina pana mtego kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo tukae kidogo. Makarani wa wakati ule waliandika majina ya Kiislamu kwa kusikia. Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mahomed huweza kuwa mtu mmoja kwenye kurasa mbili za daftari lilelile. Said huwa Saidi, Seif huwa Sefu, Abdalla huwa Abdulla au Abdullah. Kijana wa Tanga aliyezoea kuongeza irabu mwishoni huenda aliandikishwa kwa namna ya Mombasa isiyo na irabu hiyo. Halafu kuna "bin". Daftari moja litampanga Ali bin Hamisi kwenye A, jingine kwenye H, na jingine kwenye B pamoja na kina bin wote. Jina la ukoo kama Shirazi, Digo au Mazrui mara nyingi liliongezwa baadaye maishani, wakati wa pasipoti au ajira, kwa hiyo usilifanye kuwa jina la kutafutia. Andika kwenye karatasi kila mchanganyiko, upitie daftari kwa kila mmoja, na uweke alama kwa uliomaliza.

Tarehe nazo zina mtego wake. Karatasi za nyumbani, kama hati ya ndoa au maandishi ya nyuma ya picha, huweza kuwa na mwaka wa Hijria. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622, utapata mwaka wa Miladi kwa karibu. Mwaka 1371 unakupa 1951 na kitu. Lakini 1371 ulianza mwanzoni mwa Oktoba 1951, kwa hiyo sehemu yake kubwa iko 1952. Ukitoka kwenye Hijria, siku zote tafuta miaka miwili ya Miladi inayogusana.

Angalia pia kwamba si kila aliyehusika na Miome alikuwa mwanafunzi. Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Al-Amin, hutajwa mara kwa mara kuwa "alisoma Miome". Alifanya kazi ya ukarani pale, kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1955 kumalizia masomo Huddersfield na baadaye Manchester. Mtu wa namna hiyo humpati kwenye daftari la wanafunzi hata ulipekue mara kumi. Kama jina la babu halionekani miongoni mwa wanafunzi wa mwaka unaoudhani, uliza orodha za wafanyakazi na wasaidizi wa karakana.

Chuoni kukiwa hakuna kitu, au ukitaka picha pana zaidi kuliko mtu mmoja, nenda kwenye hifadhi za nyaraka. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Kenya iko Nairobi, barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa la Bank of India, na ina ofisi ya kanda Mombasa. Nyaraka za mkuu wa jimbo la Pwani zimepangwa chini ya alama PC/COAST, na humo ndimo barua kati ya Mombasa na Nairobi zilimo. Faili za serikali hufunguliwa zikishatimiza miaka 30, kwa hiyo kila kitu cha enzi za Miome kimeshapita kizuizi hicho. Mgeni anayefanya utafiti huhitaji kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti. Andika kwanza ueleze kuwa unatafuta habari za familia, uulize wanakutaka nini, kabla ya kupanda basi.

Kwenye orodha zao usitafute "MIOME" peke yake. Makarani wa miaka ya 1940 na 1950 waliandika mara "Muslim Institute", mara "Institute of Moslem Education" kwa herufi o. Hiyo "Moslem" ndiyo inayowaponyoka wengi. Tumia zote mbili.

Gazeti rasmi la serikali ya Kenya ni hazina isiyolipiwa. Nakala zake za miaka mingi zimewekwa kwenye intaneti na zinatafutika kwa neno. Humo mtapata sheria za chuo, uteuzi wa wajumbe wa bodi na mabadiliko ya jina. Weka jina ndani ya alama za kunukuu, na ukumbuke kwamba kompyuta iliyosoma kurasa kuukuu hukosea herufi. Ukikosa jibu kwa neno zima, jaribu vipande: "Muslim Education" peke yake, au "Mombasa Institute", ukizuia utafutaji kwa mwaka mmoja mmoja.

London, kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew, barua za wizara ya makoloni kuhusu Kenya zina alama CO 533, za Afrika Mashariki kwa jumla CO 822, na za Zanzibar CO 618. Faharasa yake husomwa bure kwa intaneti. Huko hutapata jina la babu, ila utapata mabishano ya fedha, michango na kusudi la chuo. Upande wa Sultani, uliza hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar iliyoko Kilimani, Unguja. Kwa mtu wa Tanga safari hiyo ni nyepesi kuliko ya Nairobi.

Kama babu aliajiriwa na reli au bandari baada ya kumaliza, kuna mlango mwingine. Mwajiri huyo alikuwa shirika moja la Afrika Mashariki lililoundwa 1948, East African Railways and Harbours, na fomu zake za ajira zilimtaka mtu ataje alikosoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mafaili ya wafanyakazi yaligawanyika kati ya nchi tatu, kwa hiyo yafuate alikostaafia wala si alikoajiriwa mara ya kwanza. Tafuta nyumbani namba yake ya kazi. Huwa kwenye barua za pensheni, na bila namba hiyo faili halipatikani kirahisi.

Wazee waliosoma naye, kama wapo, wafuate mapema kuliko faili, kwa sababu faili litakungoja. Usiulize "chuo kilikuwaje?" Uliza mambo ya mkono: mashine gani ilikuwa karibu na mlango wa karakana, walianza kwa kufanya nini na patasi au tupa, nani alifundisha umeme, walisali wapi na saa ngapi masomo yalisimama, chakula cha bweni kilikuwa nini, nani alitoka Uganda. Mzee akikumbuka kitu kimoja cha kushikika, majina hufuata yenyewe. Beba picha ya darasa kama unayo, imechapwa kubwa, na upe kila uso namba kwenye nakala. Omba ruhusa ya kurekodi, na umrekodi akiitoa ruhusa hiyo.

Na cheti chenyewe sasa. Hewa ya pwani, Tanga kama Mombasa, ina unyevu na chumvi, na karatasi ya miaka ya hamsini haiwezi kuhimili mengi. Usikitie laminesheni. Joto la mashine huyeyusha gundi ndani ya karatasi, na baada ya hapo hakuna fundi atakayeitoa. Usikibandike selotepu mgongoni kwenye mkunjo, maana huacha doa la kahawia lisilotoka. Usikitundike ukutani penye jua, wino wa saini ndio unaopotea kwanza. Kiskani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, uhifadhi faili la TIFF lisilobanwa, nakala moja kwako na nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. Asili yake iweke bapa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta wa nje unaopokea mvua, juu ya sakafu kiasi cha kuwakwepa mchwa, na uifungue kila baada ya miezi michache kuangalia wadudu. Barua kwa Msajili, kwa NITA au kwa City and Guilds zipeleke nakala tu. Kikitakiwa cheti chenyewe, nenda nacho mkononi, kionekane mbele yako, urudi nacho.